Msiba Chini ya Mti Namba Kumi na Saba

Sehemu ya Tisa

"Msiba wa nani?"

Hapo ndipo tulipomwacha Ambrosi, fundi chenso kutoka Mafinga, akiuliza, meno ya chenso, msumeno wake wa injini, yakiwa yameshagusa gome la mti. Wasomaji wawili walinipigia simu wakitaka jibu kabla gazeti halijatoka. Sikuwa nalo. Hata Devota Kihwele mwenyewe, aliyepaza sauti kwamba hapa pana msiba, hakuwa nalo.

Kwa aliyeanza kusoma leo, mambo yenyewe ni haya. Devota ni afisa miti. Mtaa wa Isumbi, hapa Mbeya, una mijakaranda thelathini na moja kando ya barabara, na kila mmoja ameuandika namba kwa rangi nyeupe kwa mkono wake. Marcelino, mwenye kampuni ya mabango, anataka yote ilale chini kwa sababu inaziba mabango yake manne. Kibali cha kukata anacho. Kibali kinasema miti imeoza, na aliyesema imeoza ni Devota.

Devota hajawahi kusema hivyo hata akiwa na homa. Kibali chenyewe hajakiona, amesikia tu habari zake. Alichotaka asubuhi hiyo ya Ijumaa ni muda, akione kwa macho yake na ajue jina lake limeingiaje humo. Miti ikianguka kwanza, kila mtu atasema afisa alitoa ruhusa, na kazi yake itafuata njia ya magogo.

Sasa tuendelee.

"Wa shemeji yangu," sauti ikajibu kutoka nyuma ya sufuria la chai.

Alikuwa Esnath, mjane anayeuza chai na mihogo chini ya mti namba kumi na saba, mwanamke mpana, mwenye kicheko kinachosikika mpaka kituo cha bodaboda. Leo kicheko alikiweka pembeni.

"Anaitwa Ambokile. Mdogo wake mume wangu. Amefia Zambia, tunasubiri mwili."

Halafu akajitupa chini, akalia. Hakulia kwa kubabaisha. Alilia kwa sauti ya kumfanya mtu atafute leso hata kama hajui kilichotokea. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji akaitua ndoo, akakaa, akalia naye.

Ambokile ni mtu wa kweli. Aliondoka miaka kumi na moja iliyopita kwenda kuuza mitumba ng'ambo ya mpaka, na tangu hapo hajatuma hata salamu. Esnath aliona kwamba mtu aliyekaa kimya miaka yote hiyo hana haki ya kulalamika akifa kidogo kwa faida ya mtaa.

Ambrosi akazima chenso. Akavua kofia ngumu, akaishika kifuani. Ni Mlutheri wa kuimba sauti ya nne, na vijana wake watatu walivyomwona wakavua zao.

"Pole sana mama," akasema. Kisha akamgeukia Devota, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene. Wewe wa wapi dada?"

"Kamwene. Wa Ilula."

"Basi ni nyumbani. Mimi kwenye msiba sikati, dada. Marcelino akitaka akate mwenyewe."

Devota akashusha pumzi. Alidhani kazi imekwisha. Masikini, hakuijua misiba ya Mbeya.

Uongo wa Esnath ulikuwa wake kwa nusu saa tu. Baada ya hapo ukachukuliwa na mtaa. Turubai likaja. Viti vikaja kutoka kanisani, vingine vina miguu mitatu. Wazee wakakaa upande wao na kuanza kubishana kuhusu ng'ombe. Wanawake wa Uyole, ambao hakuna aliyejua nani amewaambia, wakafika na viroba vya viazi, wakamkumbatia Esnath mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na jambo zuri la kusema juu ya marehemu.

"Alikuwa na roho nzuri," mmoja akasema.

"Ulimjua?" Devota akauliza.

"Simjui. Lakini sura yake ilionyesha."

Saa mbili na nusu watu walikuwa wamefika themanini. Devota akamvuta Esnath nyuma ya turubai.

"Mama Esnath, hii imekuwa kubwa."

"Ulitaka msiba mdogo? Msiba mdogo wanaupita na chenso. Tulia, mwanangu. Lia kidogo, watu wanakutazama, wewe macho makavu tu."

Devota akajaribu kulia. Akapiga chafya.

Hapo ndipo Ambrosi alipokuja na wema wake, na wema wa Ambrosi nusura uharibu kila kitu.

"Dada," akasema, "nimeangalia huko nyuma kwenye mafiga. Kuni hakuna. Watu wote hawa watakula nini? Sisi tumekuja na chenso, hatuwezi kukaa tukitazama. Nimewaambia vijana, tunaangusha hii moja hapa, tunapasua, mama apate kuni za matanga. Ni mchango wetu."

Mkono wake ulikuwa umelala juu ya mti namba kumi na saba.

Devota akautazama ule mkono. Amezusha kifo ili kuuokoa mti, sasa mti unataka kukatwa ili kumpikia aliyekufa. Na atamkatalia vipi mtu anayetoa msaada msibani? Wazee wameshaanza kumshukuru, mmoja ameshamwita mwanangu.

"Huu una moshi," Devota akasema. "Jakaranda mbichi haipiki. Itawatoa watu machozi."

"Si wanalia hata sasa?"

"Ambrosi, njoo nikuonyeshe mwingine."

Akampeleka mpaka mti namba ishirini na mbili, karibu na karakana ya baiskeli. Mti huo Devota alikuwa ameuandikia barua mbili mwaka jana akiomba ukatwe kabla haujamwangukia mtu, na barua zote mbili hazikupata majibu. Juu ulikuwa na matawi makavu, chini una uyoga. Katika thelathini na moja, ni huo peke yake uliokuwa mgonjwa kweli.

Ambrosi akachomoa panga, akaligeuza upande usio na makali, akagonga shina mara tatu. Mti ukajibu kwa sauti ya ngoma.

"Huu umekwisha," akasema.

Akaukata kwa dakika nne, ukalala pale alipoutaka, katikati ya mfereji na karakana, bila kugusa hata tairi la baiskeli. Devota ni mtu wa kupigania miti, lakini alisimama akaipenda kazi ile. Ndani ya shina mlikuwa na tundu la kuingia mbuzi.

Ambrosi akalitazama tundu, akakunja uso. Kisha, bila kumwambia mtu, akaenda namba ishirini na tatu akagonga. Sauti fupi, nzito, ya mti mzima. Ishirini na nne, vilevile. Akarudi akigonga mmoja baada ya mwingine mpaka namba kumi na saba.

"Dada, mimi nimeambiwa yote imeoza. Hii mbona iko mizima? Nani alipima?"

Devota akafungua mdomo ajibu, lakini gari jeupe lilikuwa limeshasimama nyuma yao.

Marcelino alishuka. Ni mtu wa viatu vyenye ncha na manukato ya kukutangulia hatua tano. Alikuja na maneno makali yamemjaa kinywani, ila kabla hajayatoa, wanawake wawili walishamshika mikono.

"Pole baba. Kaa hapa baba."

Alikuwa amefika msibani, na msibani kuna utaratibu wake. Akakalishwa. Akaletewa maji ya kunawa. Akaletewa sahani ya makande. Mzee mmoja akamwuliza kama anaweza kusema neno kwa niaba ya wafanyabiashara. Marcelino akala makande kijiko baada ya kijiko, akitazama miti yake thelathini iliyobaki, na mtu aliyekuwa akimtazama kwa mbali angedhani majonzi yamemzidi.

Lakini nyuma ya Marcelino alikuwa amekuja Sedekia, mwenyekiti wa mtaa, mtu ambaye mhuri wake hukaa mfuko wa shati, karibu na moyo. Na Sedekia hakula. Alikaa akafikiri, jambo ambalo wakazi wa Isumbi hawajalizoea.

"Ambokile yupi?" akauliza. "Yule wa mitumba? Mimi nina namba yake. Mwezi jana ameniuzia koti."

Esnath akasahau kulia.

Sedekia akanyanyuka, akaenda kwenye kipaza sauti kilichokuwa kinasubiri mchungaji. Akapiga simu, akaweka sauti ya nje, akaisogeza simu kwenye kipaza sauti. Spika mbili kubwa zikaunguruma, watu themanini wakanyamaza.

"Haloo," marehemu akasema.

Sahani moja ikaanguka.

"Ambokile, ni mimi mwenyekiti. Uko wapi?"

"Niko Nakonde, huku Zambia, nafungua duka. Mbona huko kelele? Kuna nini?"

"Kuna msiba."

"Aisee. Nani amekufa?"

"Wewe."

Spika zikakwaruza. Watu wote wakazitazama.

"Lini?" Ambokile akauliza.

"Wanasema usiku."

"Na mmekula nini?"

"Makande. Nyama inakuja."

"Watu ni wengi?"

"Wamejaa."

Ambokile akawa kama anatafakari. "Shemeji Esnath yupo hapo? Amelia?"

"Amelia mpaka amegaragara chini."

"Basi mwambie ndaga, asante sana. Sikujua kama kuna mtu huko angenilia."

Simu ikakatika. Esnath akafunika uso kwa kanga, na safari hii hakuna mtu aliyejua kama analia au anafanya nini. Wanawake wa Uyole wakaanza kukusanya viazi vyao. Mmoja akasema marehemu tangu mwanzo sura yake haikumpendeza.

Ambrosi hakucheka. Alikuja taratibu mpaka mbele ya Devota, na uso wake ulikuwa umefunga.

"Dada, mmenivulisha kofia kwa uongo. Nimewaombea watu. Nimepasua kuni."

"Nimekosa," Devota akasema.

"Wa nyumbani kabisa, unanifanyia hivi."

"Nimekosa, Ambrosi. Sina la kujitetea. Lakini wewe umegonga miti kwa mkono wako. Umesikia."

"Nimesikia. Mimi nakata kwa karatasi, dada, sikati kwa kusikia. Hii chenso ni ya kampuni ya Marcelino. Nikigoma bila karatasi wanainyang'anya, na vijana hawa watatu wanarudi Mafinga kwa miguu."

"Karatasi hii hapa," Marcelino akasema. Alikuwa amenyanyuka, ana punje ya mahindi kwenye ndevu, na furaha yake haikufichika. Akamkunjulia Devota kibali usoni. "Soma. Soma kwa sauti, wote wasikie wanafanyiwa maigizo na nani. Wananchi walikutana, mtaalamu akawaambia miti imeoza, wote wakasaini. Jina lako hili. Sahihi yako hii."

Kwa mara ya kwanza Devota akakiona.

Ukurasa wa kwanza kibali. Wa pili muhtasari wa mkutano, na mhuri wa Sedekia umegongwa mara mbili kwa msisitizo. Wa tatu orodha ya waliohudhuria, majina arobaini. Na katika mstari wa tisa: Devota Kihwele, afisa miti. Sahihi ilikuwa yake, na mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umepinda vile anavyoupinda mwenyewe. Hakuna aliyeighushi.

Nilisaini lini, akajiuliza. Nilikuwa nimelala?

Akasoma majina ya juu yake na ya chini yake. Esnath yumo. Frida wa kwaya yumo. Mama wa saluni yumo. Devota akamwita Esnath.

"Mama, wewe umewahi kwenda mkutano wa kukata miti?"

"Mimi? Mkutano ni wa wanaume wenye nafasi. Mimi naenda kanisani na kwenye misiba."

Devota akaishika karatasi vizuri, akaisogeza juani. Ilikuwa nakala ya mashine, na aliyeikata pembeni alikata kwa haraka. Ukingoni mwa kulia, mbele ya jina la Frida, mlikuwa na maneno yaliyosazwa: mkungu wa ndizi. Mbele ya mama wa saluni: mkaa gunia. Mbele ya Esnath: maharage debe.

Hapo kumbukumbu ikamjia yote kwa pamoja. Miezi miwili nyuma alifariki mama mkwe wake Marcelino. Mtaa mzima ulikwenda. Mlangoni kulikuwa na daftari, kila aliyeingia akaandika jina, kazi yake, akasaini, na pembeni kabisa akaandika alicholeta. Nani atasoma kichwa cha ukurasa msibani? Unaandika, unafuta machozi, unatafuta kiti.

"Marcelino," Devota akasema, na sauti yake ikasikika bila spika. "Wananchi walikuja kwenye mkutano wa miti na mikungu ya ndizi?"

"Ndizi gani?"

"Frida, njoo usome. Hapa umeandikwa umekubali miti ikatwe, ukaleta na mkungu wa ndizi."

Frida wa kwaya akasoma. Akasoma tena. "Hii ni ya msiba wa bibi," akasema. "Niliipeleka mimi mwenyewe, mikungu miwili, mmoja wamenikata."

Kelele zilizotokea hapo siwezi kuziandika gazetini. Watu waliokuwa wanajiandaa kuona aibu kwa msiba wa uongo walikuta wameibiwa kwenye msiba wa kweli, na hasira ikahama upande. Sedekia akaanza kusema yeye aligonga mhuri tu, kusoma si kazi yake. Marcelino alikuwa akitafuta kitu pembeni ya gari, nadhani alikuwa akitafuta pa kujificha.

"Ambrosi," Devota akasema, "umeona?"

"Nimeona dada. Mtu kumfanyia hivi mama mkwe, tena amekufa." Akatikisa kichwa. "Lakini hayo ni maneno. Niandikie karatasi. Wewe ndiye afisa miti, andika simamisha, saini, mimi nafunga chenso naenda zangu. Wakiniuliza nawaonyesha."

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Devota akatoa daftari lake la ukaguzi, akaegemea mti namba kumi na saba. Alikuwa ameandika maneno mawili tu, Amri ya, pikipiki ilipoingia katikati ya viti.

Aliyekuja ni Aroni, tarishi wa ofisini kwao Devota, kijibegi cha barua kifuani.

"Dada Devota. Nimekutafuta asubuhi yote. Kuna barua yako. Ni nakala ya ukumbusho."

"Ya nini?"

"Uhamisho. Umepata Iringa."

Wasomaji, naomba mkae vizuri hapa. Devota ameomba uhamisho wa Iringa mara tatu kwa miaka mitatu. Mama yake anauza nyanya barabarani pale Ilula, miguu imevimba, na mwezi uliopita alianguka juu ya matenga yake, akaokotwa na madereva wa malori. Yuko peke yake. Kila Jumapili humwuliza mwanawe swali moja kwenye simu, unakuja lini, na kila Jumapili Devota husema karibuni, mama, kisha hukaa na simu mkononi akijichukia.

Akaisoma barua mara mbili, ila macho hayakuvuka neno Iringa. Macho yake, yaliyogoma kulia msiba wa uongo, yakajaa bila kuombwa.

Marcelino ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hujua mlango ukifunguka. Akasogea, sauti laini.

"Hongera dada. Mimi sina ubaya na wewe. Gari langu linatoka sasa hivi kwenda Iringa, dereva ameshaweka mafuta. Panda. Jioni unakula na mama. Hii miti mwachie atakayekuja."

Devota akaitazama miti. Akaitazama barua. Nasema ukweli, alilitamani lile gari.

Kisha akakumbuka utaratibu wa ofisini, unaojulikana na kila aliyewahi kuajiriwa. Barua haijakufikia mpaka umesaini daftari la kupokelea. Kabla ya sahihi, yeye bado ni afisa miti wa Mbeya. Baada ya sahihi, ni mtu wa Iringa. Kwa hiyo alichohitaji ni dakika moja katikati.

Akamalizia kuandika. Amri ya kusimamisha ukataji, Mtaa wa Isumbi, kwa kuwa kibali kimepatikana kwa orodha ya msiba. Akaandika tarehe. Akaandika saa nne na dakika tano. Akasaini, mkia ukapinda, akamkabidhi Ambrosi.

Ambrosi akasoma kila neno. Akakunja, akatia mfukoni, akawaambia vijana wafunge vifaa. Mtaa ukapiga vigelegele. Devota akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Haya Aroni," akasema. "Lete daftari lako. Saa nne na dakika sita, nasaini, nakwenda kwetu."

Aroni akakuna shingo. "Kusaini tena kwa nini, dada? Si ulishasaini?"

"Lini?"

"Jumatatu. Barua yenyewe nilileta Jumatatu. Hii ni ukumbusho kwamba hujaripoti. Iringa wanakusubiri tangu juzi. Wamesema leo ofisi ikifungwa saa tisa na nusu, nafasi wanampa mwingine."

Akafungua daftari. Jumatatu, barua ya uhamisho, D. Kihwele. Na sahihi. Herufi zilikuwa nzito, za mtu anayechora anachokiona, ila mkia ulikuwa umepinda ipasavyo.

"Mimi sikusaini hii."

"Hukuwepo. Nilimwachia mama wa chai akupe. Kila siku namwachia. Daftari akanirudishia limesainiwa."

Devota akageuka. Esnath alikuwa ameketi juu ya kigoda chake, kanga imeanguka mabegani, na hakuinua uso.

"Niliona neno Iringa," Esnath akasema. "Nasoma kidogo, lakini hilo nililiona. Nikajua ukiondoka tunabaki na Sedekia. Miti inakwenda. Na wewe unakwenda. Nimekaa hapa miaka tisa, hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuniuliza nimeamkaje, ila wewe."

"Barua iko wapi, mama?"

"Nikasema nitakupa kesho. Jumanne nikasema kesho."

"Iko wapi?"

"Nilikokea moto. Ile chai ya Jumatano, uliyoisifu."

Devota alimkumbuka mama yake juu ya matenga ya nyanya, akakumbuka na ile chai, aliyokunywa vikombe viwili. Alitaka kumpiga Esnath na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alisimama tu.

Marcelino alichagua upesi. "Ambrosi, umesikia. Huyu si afisa tangu Jumatatu. Karatasi uliyonayo ni ya mtu wa mtaani. Kibali changu kiko hai. Kata, au leta chenso yangu na vijana wako waanze kutembea."

Ambrosi akaitoa ile amri mfukoni. Akamrudishia Devota kwa mikono miwili, kwa heshima, bila kumtazama.

"Nisamehe dada," akasema. Akaziba masikio kwa vizibo vyake, akaugeukia mti namba kumi na saba, akaupa mtaa mzima mgongo. Akavuta kamba ya kuwashia chenso.

Gari jeupe lilikuwa linanguruma barabarani, mlango wazi, dereva ameshuka kununua maji. "Panda dada," Marcelino akasema. "Ukiondoka sasa unawahi."

Saa nne na dakika kumi na mbili. Devota akatembea mpaka kwenye gari. Watu wakampisha kimya, na Esnath akalia kilio kingine kabisa, kidogo, cha ndani.

Devota akapanda. Lakini alipanda upande wa usukani.

Akaingiza gia, akakanyaga, akapita juu ya mfereji, akapindua viti viwili vya kanisa, akaliegesha gari la Marcelino chini ya mti namba kumi na saba, nyuma ya mgongo wa Ambrosi, upande ule ambao uzito wote wa matawi umeelemea. Akazima injini. Akachomoa ufunguo, akafunga milango kwa ndani, akakaa, mikono kwenye usukani. Iringa ilikuwa nyuma yake na inazidi kwenda.

"Sasa kata," akasema.

Marcelino alikuwa akipunga mikono na kukimbia. Mtaa wote ulikuwa ukipiga kelele. Ambrosi, masikio yamezibwa, hakugeuka. Kabari ya kwanza, kile kipande kinachoamua mti uangukie wapi, ilikuwa imeshatoka kwenye shina, nyeupe, mbichi, nzima kabisa, na juu ya paa la gari mti ukalia mara moja, mlio mfupi.